Beti Mbili Alizoruka Baba

Harufu ya mafuta ya kuwashia mkaa ndiyo inayonimaliza. Kila mwezi wa Mei, majirani zangu hapa Irving, Texas, wakitoa majiko yao uani na kuanza kuchoma nyama, mimi nafunga madirisha. Mume wangu anadhani nina mzio. Mzio wapi! Ni Houston ile, bustani ile yenye mbu na joto la kukamua shati, na mimi wa miaka kumi na mmoja nimekaa meza ya waamuzi na kalamu nyekundu mkononi, najiona jaji mkuu wa dunia nzima.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Waswahili wa Texas tulikuwa na tamasha letu mara moja kwa mwaka. Watanzania, Wakenya, na Wakongo waliokuwa ndio kwanza wanaanza kufika, wote tulijazana pale na masufuria ya pilau. Kulikuwa na ngoma na mbio za magunia, lakini watu wazima walikuja kwa ajili ya mashairi. Sheria yake ilikuwa kali. Mshairi alituma shairi lake kwa posta wiki kadhaa kabla, kisha siku yenyewe akasimama mikono mitupu na kughani yote kutoka kichwani. Mwamuzi mmoja alifuatilia kwenye karatasi. Neno likikosewa, alama moja inakatwa. Ubeti ukirukwa, alama tano.

Mwaka ule zawadi ilikuwa tikiti ya ndege, kwenda na kurudi Dar es Salaam. Baba aliitaka tikiti ile hadi akakonda. Mama yake, yaani Bibi yangu, alikuwa amefariki Tabora mwezi wa Januari, na Baba aliusikiliza msiba kwenye simu, amekaa kwenye zulia la sebuleni na viatu vya kazini miguuni. Kutwa alipakia mizigo ya watu kwenye ndege, na yeye mwenyewe nauli hana. "Nikaone tu alipolala," alimwambia Mama. "Nikimaliza dua, nitarudi."

Basi akatunga shairi la kumlilia. Aligoma kutusomea, akasema tutalisikia huko huko. Alilikariri bafuni bomba likiwa wazi, akalikariri kwenye gari, akalikariri hata kwenye foleni ya dukani, midomo ikicheza, mpaka nikawa nasimama mbali nisijulikane ni wa kwake.

Tulipofika Houston, mwamuzi wa karatasi hakutokea. Mwenyekiti alikuwa Bi Salama, nesi kutoka Mombasa, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alijua kwamba Baba alinifundisha kusoma Kiswahili, akanishika mkono akanikalisha kwenye kiti cha mwamuzi huyo. Mtu mmoja akanung'unika, "Si babake anashindana?"

"Na akae!" Bi Salama akamjibu, kisha akaniinamia. "Sikiza, mwanangu. Ukikalia kiti hiki huna baba wala huna mama. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mshairi akikwama, mtajie neno moja tu la kumkumbusha. Akishindwa, kata."

Jamani, nani angenikamata siku ile! Kaka mmoja Mkenya wa Carrollton alighani juu ya mama mkwe wake aliyekuja kutembea wiki mbili akakaa miezi saba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami uso nimeukunja, nafuata mstari kwa mstari, nikamkata alama mbili.

Ikaja zamu ya Baba. Alipanda jukwaani na kanzu yake iliyopigwa pasi mara mbili, akatazama meza yetu, akaniona na karatasi. Uso ulimbadilika. Nikajua ni woga wa jukwaa, nikampungia mkono kwa siri.

Akaghani. Sauti ya Baba ilikuwa nzito na ya taratibu, na kufikia ubeti wa tatu akina mama walikuwa wanafuta machozi na ncha za khanga. Baada ya ubeti wa nne, akanyamaza. Watu wakangoja. Akanitazama mimi. Nikatafuta mwanzo wa ubeti wa tano, nikamnong'oneza: "Simu." Akatikisa kichwa. "Simu," nikarudia, na sheria nimeshaivunja. Akatikisa kichwa tena, akafumba macho, akaendelea kutoka ubeti wa saba.

Nilikasirika. Namsaidia na hataki! Nikahangaika kutafuta alipofika, nikazipiga zile beti mbili mstari mwekundu bila hata kuzisoma, nikakata alama kumi. Baba alishika nafasi ya pili. Alizidiwa kwa alama sita.

Njiani kurudi, saa nne nzima, Mama aliangalia dirishani. Baba ndiye aliyenitazama kwenye kioo cha gari na kuniuliza, "Hakimu wangu, una njaa?" Baadaye kidogo akasema, "Umehukumu kwa haki." Nikavimba kichwa.

Hakuwahi kufika Tabora. Kwanza tulikosa nauli, kisha figo zake zikagoma, akawa mtu wa kufungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki mpaka alipotutoka. Nikipanga hati zake ndipo nilipolikuta shairi, na wino wangu mwekundu juu yake. Maana washairi walirudishiwa karatasi zao. Ubeti wa tano ulikuwa huu:

Simu mama alipiga, mjukuu kumuomba,
Alitaka kumuaga, sauti yake nyembamba,
Mtoto kaona woga, kajificha kwenye chumba,
Nikamdanganya mama, mjukuu amelala.

Hapa kuna jambo nimewaficha, kama nilivyowaficha wote. Bibi alipiga simu siku nne kabla ya kufa. Mara ya mwisho nilipoongea na Tabora kwa simu, binamu zangu walikuwa wamekicheka Kiswahili changu, nami nikaapa sizungumzi tena. Nikaingia kabatini chumbani. Baba alifungua mlango, simu mkononi, akanitazama sana. Kisha akasema, "Amelala, mama." Hakunigombeza hata siku moja, nikaamini amesahau.

Alizikumbuka beti zake zote, pale jukwaani. Alijua pia kwamba akiziruka, tikiti imekwenda. Lakini aliona ni nani ameshika karatasi, na bustani nzima inasikiliza. Baba alinisitiri mbele za watu, na mimi kwa kunisitiri huko nikamkata alama kumi.