Salamu Zilizoziba Njia

Chausiku Mfaume wa Tandika alikuwa anaringa, na tuseme kweli, alikuwa na cha kuringia. Mwaka 1999, wakati wenzake aliosoma nao wakigombania meza za mitumba, yeye kila asubuhi alivaa viatu vya visigino akaenda Kinondoni kuchunga seva. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta moja nzito juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, na kazi yake ilikuwa kutunza tovuti na barua pepe za makampuni yaliyoona zama za telegramu zimepita. Mama yake akiulizwa binti anafanya kazi wapi, alijibu "Posta," maana maelezo marefu yalimchosha.

Mwenye ofisi alikuwa Mzee Khalfani, mtu wa pwani anayepiga pasi hadi leso. Kompyuta hakuzijua, ila adabu aliijua, na sheria yake ilikuwa moja tu: barua yoyote ikiingia isalimiwe.

"Mtu akibisha hodi asisikie karibu, atarudi huyo?" aliuliza.

Basi Chausiku akaifundisha seva ijibu yenyewe kila barua iingiayo, hata ofisi ikiwa imefungwa: "Salaam. Barua yako imefika salama, tunashukuru. Tutakujibu punde. Wasalimie nyumbani." Na kwa kuwa hakuna muungwana anayeanza na maneno kabla ya salamu, akaiamuru seva itangulize salamu, barua nyingine zifuate nyuma. Wateja walifurahi. Mmoja wa Kiwalani aliandika tena bila shida yoyote, ili asalimiwe tu.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Marijani, kijana wa Tanga aliyetunza kompyuta za kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Walikutana Dar kwenye mafunzo, wakagombania kiti, na tangu hapo hawakuacha kuandikiana. Marijani akaomba afundishwe ule ufundi wa salamu. Chausiku akamfundisha kwa barua, pole pole, akijiona mwalimu, na akijiona kitu kingine pia ambacho hata kwa mama yake hakukitaja.

Jumatatu asubuhi Marijani akaziwasha salamu zake. Mchana akaandika barua. Wazee wake, alisema, wanatoka Ijumaa baada ya swala kupeleka posa, na mjomba ameshamtajia binti wa jirani. "Kama unaniridhia, niambie kabla ya hapo, niwaelekeze kwenu Temeke. Ukinyamaza, nitaelewa."

Chausiku alisoma, akaenda uani, akaruka ruka peke yake mpaka kisigino kikalegea. Alirudi akaandika neno moja, "Ndiyo," akalituma.

Ndiyo haikutoka. Wala haikutoka barua ya mteja yeyote. Za nje ziliingia vizuri kabisa, lakini za ndani hazikukanyaga barabara. Jumanne Chausiku alikagua nyaya. Akaizima seva na kuiwasha. Akajitumia barua mwenyewe, ikafika. Akatuma nyingine ng'ambo, haikufika. Aliangalia modemu, kile kidude kinachoiunganisha seva na dunia kwa waya wa simu ya ofisi, akaona taa zake zinachezacheza bila kupumzika. Akajifariji kwamba laini ni nzima. Angejiuliza kwa nini modemu haikati simu hata mara moja siku nzima, angejiokolea mengi, lakini bibi harusi mtarajiwa haulizi maswali ya namna hiyo.

Wateja walianza kujaa. Albano, mchonga vinyago wa Mwenge, alikuja asubuhi na jioni kuulizia barua yake kwa mnunuzi wa Denmark.

"Dada, imetoka?"

"Bado, kaka Albano."

"Basi mie nakaa hapa hapa niisindikize," alisema, akavuta kiti.

Jumatano uvumilivu ulimwisha Chausiku. Simu ya ofisi ilikuwa imeshikwa na modemu, kwa hiyo akaenda kwenye kibanda cha simu ya kadi, akapiga Tanga. Ilipokewa na bosi wa Marijani, sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Sasa msichana aliyelelewa Tandika atamwambia nini bosi wa mwanamume? Mwambie nimekubali? Chausiku akatoa shikamoo, akababaika, akajikuta anauliza bei ya kusafirisha saruji kutoka kiwanda cha Wazo. Alipewa bei kwa ukamilifu, akashukuru, akarudi ofisini masikio yakiwaka.

Alhamisi ndipo alipofanya lile alilopaswa kuanza nalo. Aliacha kuchungulia mlangoni, akaangalia waliopanga foleni. Alifungua orodha ya barua zinazosubiri kutoka, na kioo kikajaa. Akateremka, kikajaa tena. Maelfu, na zote zinakwenda kwa mtu mmoja. Mzee Khalfani alikuwa amesimama nyuma yake na miwani puani.

"Binti," alisema, na ofisi nzima ikatega sikio, "huyu Marijani ni nani hata umwandikie barua zote hizi?"

Albano aliangalia dari kwa heshima. Chausiku alitamani ardhi ipasuke, kisha akafungua mojawapo, akasoma, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Barua ya Marijani ya Jumatatu ilikuwa imesalimiwa na seva ya Kinondoni, kama ilivyofundishwa. Kompyuta ya Tanga, nayo ina adabu zake, ikajibu salamu. Kinondoni ikaona barua mpya imeingia, ikaisalimia. Tanga ikashukuru. Tangu Jumatatu mashine mbili zilikuwa zinaulizana habari za nyumbani, na kila salamu mpya ilipita mbele ya foleni, huku Ndiyo yake imesimama nyuma kabisa, jirani na barua ya Albano.

"Inabidi nizime salamu zetu, Mzee," alisema akifuta machozi. "Na za kwake nizifungie zisiingie, la sivyo hazitaisha."

"Unyamaze mtu akikusalimia?" Mzee Khalfani alishtuka. "Tanga ndio wanyamaze. Wao ndio wageni."

"Wao hawajui kama kuna shida, Mzee."

"Salamu haikatwi, mwanangu."

Hapo Chausiku aliacha kucheka. Akamweleza yote mbele za watu: posa, Ijumaa, mjomba, binti wa jirani. Aliogopa kweli, kwa sababu alimpenda kweli, na ilibaki jioni moja tu.

Mzee Khalfani alivua miwani, akaifuta kwa leso.

"Kutakuwa na pilau?"

"Inshallah, Mzee."

"Kata."

Chausiku akazima salamu. Kisha akaandika jina la Marijani kwenye orodha ya wasiopokelewa, na mkono ukamwia mzito, maana anamfungia mlango mtu yule yule anayemtaka. Akafagia maelfu yale kutoka kwenye foleni. Ya Albano ikatoka, naye Albano akasimama kuisindikiza. Ndiyo ikatoka. Modemu ikakata simu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, taa zikatulia.

Papo hapo simu ya mezani ikalia.

"Chausiku?" Alikuwa Marijani, na sauti yake haikuwa na furaha. "Wiki nzima napiga, simu yenu inatumika. Nimeandika sasa hivi kukuuliza, nimerudishiwa. Imeandikwa barua zangu hazipokelewi huko. Basi. Nimeelewa."

"Hujaelewa kitu," alisema Chausiku. "Nilizozifungia ni barua, Marijani. Nyumbani mlango uko wazi. Waambie wazee kesho waje Temeke."

Kule Tanga mtu akapiga yowe ambalo hata Albano alilisikia. Wateja wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakapiga vigelegele. Mzee Khalfani, uso umemkunjuka, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu, nimsalimie kidogo."

Chausiku alimtazama, akaitazama simu, akaiweka chini kabla salamu hazijaanza tena.