Bibi Yupo Hai, Trela Ndiyo Iliyokatika

Jamani, Bibi yetu yupo hai. Naomba msiendelee kutuma pole.

Darasa letu la filamu hapa Mbeya tunatengeneza filamu ya kumalizia chuo, na Bibi kaigiza marehemu. Kalala mkekani, kanga hadi kidevuni, akina mama wanamlilia. Kaigiza vizuri mno, ndiyo shida.

Jana nikahariri trela kwenye simu, nikaiweka status. Ilikuwa ndefu, ikagawanyika vipande viwili.

Cha kwanza, chenye kilio, kikapanda. Cha pili, chenye jina la filamu na "inakuja hivi karibuni", kikagoma. Bando limeisha. Mara na chaji nayo ikaisha.

Mimi huyo, nikalala.

Leo mchana nasikia kilio getini. Shangazi, binti yake Bibi, katoka Mgololo kwa basi, na kiroba cha unga cha kupeleka msibani. Eti alinipigia, sipatikani, akajua ndiyo hivyo tena.

"Mama weee! Umeniacha na nani?"

Bibi alikuwa uani anamenya viazi. Akainua kichwa.

"We Tumaini, nani kafa?"

Shangazi akakaa chini palepale. Ana presha yule! Nikasema basi, sasa nimeua mtu kweli.

Kisha akacheka, machozi bado yanamtoka, akamkumbatia Bibi mpaka viazi vikamwagika. Hapo ndipo nikapumua.

Bibi akamwangalia. "Kumbe njia ya kuja kwangu unaijua."

Unga tumeshausonga ugali. Trela nzima hii hapa. Itazameni mpaka mwisho kabla hamjapanda basi.