Gharama za Kubaki Nilipo

Nilifika Stockholm tarehe 4 Novemba 1966, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na elimu ya darasa la nne. Marehemu mume wangu alikuwa ametangulia kwa mafunzo ya ufundi wa mitambo. Alifariki tarehe 9 Machi 1971. Septemba ya mwaka ule ule nilijiandikisha katika shule ya jioni ya watu wazima, nikaketi na wasichana waliokuwa na nusu ya umri wangu, kwa kuwa nilikwisha kuamua kwamba sitazeeka nikisukuma toroli la mashuka. Nilikuwa mhudumu wa wodi. Nilitaka kuwa muuguzi.

Shule yenyewe ilikuwa ya bure, na wenyeji hawakuchoka kunikumbusha hivyo. Vitabu havikuwa vya bure, wala nauli ya kutoka Rågsved nilikoishi, wala kozi ya kemia niliyoisoma kwa njia ya posta. Kila risiti niliitia katika bahasha kubwa ya picha za eksirei niliyopewa hospitalini.

Mwanzoni mwa 1974 nilikuwa nimebakiza muhula mmoja, na chuo cha uuguzi kilikuwa kimeniahidi nafasi kuanzia Januari 1975. Mkopo wa masomo usingeanza kutolewa mpaka niwe nimeshaanza chuo na kuacha mshahara, kwa hiyo nilihitaji akiba ya kodi ya nyumba na chakula cha miezi miwili, mimi na binti yangu. Watu waliokatwa kodi ya mapato kupita kiasi hurudishiwa ziada mwezi Desemba. Iwapo ofisi ya kodi ingekubali gharama zangu za masomo ziondolewe katika mapato, kile ambacho ningerudishiwa kingetosha. Sikuwa na mpango mwingine.

Watu wengi wa kwetu walijaziwa fomu na rafiki wa marehemu, karani aliyeishi Sundbyberg. Alikuwa akiniita shemeji, nami nikimwita hivyo hivyo. Jumapili tarehe 10 Februari, siku tano kabla ya mwisho wa kupokea fomu, nilikwenda kwake moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi.

“Shemeji, bahasha hii ina nini, mifupa ya mgonjwa?”

“Ina risiti. Nimezipanga kwa tarehe.”

“Sina shaka. Marehemu aliniambia hata vitunguu unavipanga.”

Alizipitia zote, kisha akavua miwani. “Sasa sikiliza. Hawa hawakupunguzii kodi kwa gharama za kutafuta kazi mpya. Wanakupunguzia kwa gharama za kuilinda ile uliyo nayo. Kwa hiyo wewe unasoma ili uendelee kuwa mhudumu.”

“Sisomi kwa ajili hiyo.”

“Sikuulizi unasoma kwa ajili gani, shemeji. Nakuambia fomu inataka nini.”

Chini ya fomu paliandikwa kwamba maelezo hayo yametolewa kwa heshima na dhamiri. Niliyasoma maneno hayo, maana mtu aliyechelewa kusoma hapitwi na maandishi. Miguu ilikuwa imenivimba. Nilitia sahihi.

Tarehe 14 Mei ilikuja barua. Kamati ya kukadiria kodi ilitaka cheti kutoka kwa mwajiri kuthibitisha kwamba kazi yangu ilihitaji masomo hayo. Sista mkuu wa wodi alikiandika siku ile ile kwa furaha, akakigonga muhuri. Kilisema kwamba mhudumu huyu anahitaji masomo ya jioni ili aendelee kuzimudu kazi zake za sasa. Alinikusudia mema. Lakini nilikuwa nimezifanya kazi hizo miaka sita bila lalamiko hata moja, na sasa karatasi ilisema kwamba bila kemia nitashindwa kutandika kitanda.

Jumatatu tarehe 27 Mei nilikipeleka mwenyewe. Ofisa aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi. Alikisoma cheti mara mbili.

“Kwa hiyo masomo haya ni ya kazi yako ya sasa?”

“Cheti ndivyo kinavyosema.”

“Nakuuliza wewe.”

Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi. Neno moja tu lingetosha, na nadhani alitaka nilitamke ili sote wawili tuendelee na shughuli zetu.

“Nasomea uuguzi,” nikasema. “Nimepata nafasi chuoni, Januari.”

Aliiweka kalamu chini. “Ukishaniambia hivyo, siwezi kukubali.”

“Naelewa.”

“Unaweza kufikiri tena mpaka Ijumaa.”

“Nimekuwa nikifikiri tangu Februari.”

Jioni nilimpigia shemeji simu.

“Cheti ulikuwa nacho mkononi?”

“Nilikuwa nacho.”

“Chenye muhuri?”

“Chenye muhuri.”

“Basi siku nyingine ukiitwa ofisini, tutakwenda wote. Mimi nitaingia, wewe utakaa nje.”

Watu waliposikia habari hii walinisifu kwa uaminifu, nami nikawaacha wanisifu. Februari nilikuwa nimetia sahihi jambo lile lile, kwa hiyo uaminifu haukuwa na sehemu kubwa. Kuandikiwa na mwingine niliweza kuvumilia. Kulitamka kwa kinywa changu, mbele ya mwanamke wa rika langu, kwamba nilipo ndipo ninapotaka kubaki, sikuweza.

Desemba wenzangu walirudishiwa fedha zao. Mimi nilirudishiwa kidogo, kiasi cha kumnunulia binti viatu vya baridi. Nilipomweleza kwamba Januari sitakwenda chuoni, alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba alikwisha kujua. Alikuwa ameiona ratiba yangu ya zamu, ya kuanzia Krismasi hadi Februari, kwenye mlango wa jokofu.

Nilianza chuo tarehe 18 Agosti 1975, baada ya miezi saba zaidi ya mashuka. Kabla ya hapo ilinibidi nipige simu kuomba nafasi yangu isogezwe mbele. Sauti ya msichana iliniuliza sababu, kwa kuwa ilipaswa kuandikwa kwenye faili.

“Andika matatizo ya kifamilia,” nikamwambia, na sauti yangu haikutetereka.