Kichwa cha Treni Namba Moja

Nilimwita mtu mwizi mbele ya watu, mchana kweupe, huku ushahidi nimeushika mkononi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa kichwa cha treni. Si treni ya abiria, jamani. Treni ya kuchezea, kichwa kinaenea kiganjani.

Na kichwa hicho kilikuwa changu. Au ndivyo nilivyoapa.

Usicheke. Subiri kwanza.

Mimi ni fundi wa friji. Watu huniita Fundi Baridi, lakini jina tu hilo. Nikishapandwa na hasira sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Nilipokuwa na miaka minane, baba alinipa mabehewa manne ya treni. Ya bati, rangi ya kijani, mstari wa njano ubavuni.

Baba alikuwa mtunza stoo, na ugonjwa wake ulikuwa kuandika namba kila kitu. Kwetu hata sufuria zilikuwa na namba. Mama alizoea kumwambia, "Iko siku utatuandika na sisi mgongoni."

Basi mabehewa nayo yalikuwa na namba chini, kwa rangi nyeupe: 2, 3, 4, 5.

Na 1 je?

"Kichwa kiko kwa fundi," baba alisema. "Kina hitilafu kidogo."

Nikasubiri. Mwaka mzima nasukuma mabehewa kwa mkono, honi napiga kwa mdomo. Kila nikiuliza, jibu lipo. Fundi anatafuta kipuri. Fundi kasafiri. Fundi anaumwa. Mwishowe baba akaniambia fundi ameibiwa, na kichwa nacho kimekwenda.

Nililia mpaka macho yakavimba. Nikamchukia huyo mwizi ambaye sikuwahi kumwona. Nadhani hata ufundi niliusomea kwa hasira, ili niwe fundi anayerudisha vitu vya watu.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Wakati tunashusha vitu vyake darini, nikakuta katoni. Ndani, mabehewa yangu manne.

Weee! Mtu mzima na kitambi changu, nilikaa sakafuni nikayasukuma. Tena na honi nikapiga.

Ndivyo nilivyorudi kwenye treni. Nikanunua reli, transfoma na kichwa kipya cha kisasa. Nikapiga picha mabehewa, juu na chini, nikaziweka mtandaoni. Kumbe wagonjwa wa ugonjwa huu tuko wengi.

Tukajikusanya watatu. Kinyozi, aliyetupa chumba cha nyuma ya duka lake. Mama Vidonge, muuza dawa, ambaye utotoni kaka zake hawakumruhusu kugusa treni, na sasa alikuwa analipiza kisasi. Na mimi.

Kila Jumamosi alasiri kila mtu anakuja na ubao wake uliopigwa reli. Tunaziunganisha mbao, treni yangu inapita kwa Kinyozi, inakata kona kwa Mama Vidonge, inarudi kwangu.

Sheria ilikuwa moja tu: treni ya mwenzako huigusi. Hata ikianguka. Unamwita mwenyewe.

Kisha akaja Mwalimu.

Anafundisha hesabu sekondari ya jirani. Mpole, shati limenyooka, anaongea kama maneno ananunua. Ubao wake ulikuwa safi kuliko zetu zote, ila treni aliyoiendesha ilikuwa ya plastiki, ya hivi hivi tu.

Lakini mkobani alikuwa na kitu kingine, kimefungwa kwenye kitambaa cha flana. Kila Jumamosi anakitoa, anakiweka mbele yake, anakishika shika. Ukisogea, anakirudisha mkobani.

Nikajisemea, huyu ana lake jambo.

Halafu maswali yakaanza.

"Mabehewa haya uliyapata wapi, Fundi?"

"Kwa marehemu baba."

Akainuka, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu mpaka Kinyozi akauliza kama ana tumbo la kuendesha.

Jumamosi iliyofuata: "Mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mtunza stoo."

Ya tatu yake: "Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto?"

Nikajibu ndiyo, kisha nikashtuka. Mtu gani anauliza hivyo? Na ya mkono wa kushoto kayajuaje?

Basi nikaanza kumchunga. Akienda kunywa maji, namfuata kwa macho. Siku moja narudi kutoka dukani, namkuta kainama, behewa langu kalipindua juu chini, simu mkononi anapiga picha.

"Mwalimu! Sheria!"

"Samahani. Nilikuwa natazama magurudumu."

"Kwa kamera?"

Akaitia simu mfukoni. Toka siku hiyo nikawa nayahesabu mabehewa mara mbili kabla ya kuondoka.

"Fundi, unamwonea mwenzio," Mama Vidonge akaniambia.

"Simwonei. Kikulacho ki nguoni mwako."

Jumamosi moja simu ya Mwalimu ikaita, akatoka nje kuipokea. Kitambaa cha flana kikabaki mezani.

Nilijua sheria. Nilishiriki kuitunga. Nikakifungua.

Kijani. Mstari wa njano ubavuni.

Nikakipindua. Chini kulikuwa na namba nyeupe, 1, yenye kofia juu na mguu mrefu chini, mwandiko wa baba mtupu.

Miaka thelathini na sita! Damu ikanipanda kichwani.

Mwalimu akaingia, akasimama mlangoni.

"Kiweke chini, Fundi."

"Umekitoa wapi hiki?"

"Nilipewa na baba yangu."

"Basi baba yako ndiye aliyemwibia fundi! Baba yako mwizi, na wewe mtoto wa mwizi!"

Kinyozi akasema, "Fundi, taratibu." Taratibu gani? Nilipiga meza, treni ya Mama Vidonge ikaacha reli.

Mwalimu akanisogelea, akakitoa kile kichwa mkononi mwangu polepole, akakifunga kwenye flana yake.

"Nitukane mimi," akasema. "Baba mwache apumzike."

Akaondoka, hata ubao wake akauacha.

Nikaona, si unaona? Asiye na hatia angejitetea.

Jioni hiyo hiyo nikamwaga kila kitu kwenye kundi letu la simu, na picha ya mabehewa juu. Sasa kiti cha kinyozi unakijua, ni redio. Kufika Jumatano habari iko shuleni.

Alhamisi asubuhi Mama Vidonge akanipigia. Binti yake anasoma pale.

"Fundi, unajua Mwalimu ndiye anayeshika funguo za karatasi za mtihani?"

"Enhe?"

"Wamemnyang'anya. Kesho kuna kikao. Wanasema mtu mwenye sifa ya wizi hawezi kukaa na mitihani, na pengine hata shuleni asibaki. Mtu anapoteza kazi kwa kitu cha kuchezea, Fundi."

"Si kitu cha kuchezea, ni wizi. Na kesho nitakwenda mwenyewe kutoa ushahidi."

Nikaenda kwa mama. Nilitaka shahidi, na shahidi wa kwanza ni yeye, maana treni ile iliingia nyumbani mwake.

Nilimkuta anapiga pasi. Nikamweleza yote kwa mbwembwe, kichwa, namba, mkono wa kushoto. Nikangoja anisifu.

Mama akachomoa pasi ukutani.

"Huyo Mwalimu ana umri gani?"

"Sijui. Kama mimi. Labda kanizidi mwaka."

"Kakuzidi mwaka," mama akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Treni ile niliiona mimi kwanza. Ilikuwa kwenye begi la baba yako, boksi zima, kichwa na mabehewa yake manne, ameshayaandika namba. Nikafurahi, nikajua kakununulia wewe. Halafu nikaona kikaratasi. *Kwa mwanangu, hongera kwa kuwa wa kwanza darasani.*"

"Sasa si mimi huyo?"

Mama akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, mwaka ule wewe ulikuwa wa thelathini na nane."

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Darasa lenu mlikuwa arobaini. Ndipo nilipojua ana mtoto mwingine. Alimpata kabla hajanioa, na hakuwahi kuniambia. Miaka yote ile, mwisho wa mwezi, ile safari ya kuhesabu mali ya stoo ya pili, kumbe alikuwa anakwenda huko."

"Ukafanya nini?"

"Nikalivuta lile boksi. Yeye akavuta. Mimi nikabaki na mabehewa, yeye akabaki na kichwa. Nikamwambia haya hayatoki humu ndani, mwanangu hatakuwa mtoto wa makombo. Nikakupa wewe siku ile ile."

"Na fundi?"

"Fundi hakuwepo. Tulimtunga sisi wawili ulipoanza kuuliza. Hilo ndilo jambo pekee tulilokubaliana mwaka ule."

Nilitaka kumkasirikia mama, nikashindwa. Nilitaka kumkasirikia baba, naye yuko kaburini na namba zake. Aliyebaki wa kukasirikiwa ni mimi, na nilistahili.

Mtoto wa mwizi, nilimwambia. Mbele ya watu.

Nikachukua katoni, nikaenda kwa Mwalimu. Mlango alifungua mwenyewe, kalamu nyekundu mkononi, madaftari yamejaa mezani. Hakunikaribisha, lakini mlango hakuufunga.

Nikaweka katoni juu ya madaftari.

"Nimekuletea vitu vyako."

Akayatoa moja moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Aliyapanga mezani, akakaa.

"Mimi niliambiwa mabehewa yako njiani," akasema. "Yanakuja na meli. Kila mwisho wa mwezi nakimbilia mlangoni, nauliza, yamefika? Baba anasema bado, mwanangu, meli imechelewa. Mpaka nikaacha kuuliza."

Nikamkumbuka yule fundi wangu wa uongo.

"Siku niliyoona picha zako mtandaoni, nikasema nimempata mwizi wangu. Ndiyo maana nikaja kwenu."

"Mwizi wako?"

"Wewe. Nilijua umeyaiba melini, au umeyanunua kwa aliyeiba. Miezi miwili nakuchunguza."

Ningecheka, kama kungekuwa na pa kuchekea.

"Miaka mitatu baba hakuja," akaendelea. "Simu haipokelewi. Nikajua katuchoka. Sikujua amekufa, Fundi. Mpaka siku ile nilipokuuliza mabehewa umeyapata wapi, ukasema kwa *marehemu* baba, huku unakunywa soda. Nilipoona ule mwandiko kwa karibu, na ukanijibu yale mengine, sikuwa na shaka tena."

Nikakumbuka chooni. Nikakumbuka utani wa Kinyozi wa tumbo la kuendesha, na mimi nilivyoucheka.

"Sasa kwa nini hukusema? Nimekutukana, umenyamaza! Kazi inaondoka, umenyamaza!"

"Kila Jumamosi ulikuwa unamsifu mzee. Hakuwahi kusema uongo, mzee wangu. Neno lake lilikuwa neno. Ningekwambia nini? Nikaona huyu amemzika baba mzima, mimi ni nani wa kumfukulia nusu yake?"

Nililia. Sifichi. Nililia juu ya madaftari ya watu.

Akaleta kichwa, akakiweka mbele ya behewa namba mbili. Akajaribu kuviunganisha. Havikushika. Akajaribu tena, akalipindua behewa, akasogeza miwani.

"Ndoano zake za zamani ziko wapi?"

"Nilizing'oa. Hazikuingiana na kichwa changu kipya."

"Uliziweka wapi?"

"Nilizitupa."

Haki ya Mungu, hapo ndipo alipokasirika. Mwizi nilimwita, akavumilia. Mtoto wa mwizi, akavumilia. Lakini ndoano! "Umetupa ndoano za kiwandani? Wewe ni fundi wa namna gani?" Alinigombeza dakika kumi nzima, kidole usoni, na mimi nikasimama nimeinamisha kichwa. Nilisikia raha ajabu. Hajawahi kutokea mtu wa kunigombeza hivyo, maana nilijua sina mkubwa wangu.

Ijumaa nikaenda shuleni, kama nilivyoapa.

Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Watu watano upande mmoja wa meza, Mwalimu peke yake upande wa pili. Niliingia na ovaroli langu la kazi.

"Wewe ndiye uliyeibiwa?" mkuu wa shule akauliza.

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa na mali yake. Miaka thelathini na sita. Nilimsingizia, na nimekuja kulisema hilo mbele yenu nyote."

Wakatazamana. Mkuu wa shule akashusha kalamu.

"Bwana, watu wanaogombana hivi hawaji kuteteana wiki hiyo hiyo. Tuambie ukweli. Amekulipa? Huyu ni nani wako?"

Nikamgeukia Mwalimu. Naye alikuwa ananitazama, shingo imekakamaa, anangoja kusikia nitasemaje. Nikaona masikio yake. Loo! Miezi miwili namchunguza mtu kama askari, na masikio ya baba sikuyaona.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Kaka yangu mkubwa."

Mwalimu alivua miwani akaanza kuifuta kwa tai. Aliifuta mpaka mkuu wa shule akamwita mara mbili, ndipo akaitika. Funguo za mitihani alirudishiwa pale pale.

Sasa mtaniuliza funzo. Funzo langu mimi ni fupi: ukimshuku mtu mpaka usiku hulali, ukataka kusimama hadharani umwite mwizi, sawa, nenda. Ila pitia kwanza nyumbani, umwulize mama yako.