Aliyewaamkia Wasiosikia

Yule daktari wa utafiti alipasha mikono joto kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa, hata aliyepoteza fahamu. Hata mzee asiyejitambua, daktari alimwamkia shikamoo, akangoja kidogo, ndipo akampima. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayesema na ng'ombe wakati wa kukamua. Mimi nikimtazama tu kutoka kwenye mkeka wangu mle wodini, pembeni mwa kitanda cha binti yangu Anisia, malaria imempanda kichwani, macho hafumbui.

Siku moja akachuchumaa mbele yangu. "Mama Anisia, tunajaribu dawa mpya. Naomba nimpe mwanao. Hatujui bado kama inaishinda kwinini tunayowapa wote."

"Hujui, na bado unaomba?"

"Ningejua, nisingeomba, mama. Ningempa tu."

Nikakataa. Mwanangu si mbuzi wa kujaribia kisu. Nikajua sasa atanuna, atamtupa mwanangu. Akasema ahsante, akamgeuza Anisia ubavu wa pili, akamfuta mate, akamtundikia kwinini kama wengine. Kesho yake vilevile, na shikamoo zake. Kwamba hakumtupa, jambo hilo likaniwasha rohoni. Alipotaka kutoka nikamwita.

"Hebu kaa hapa, unieleze hiyo dawa yako. Sijasema nimekubali."