Malkia Aliyeguswa kwa Kidole

Skuli niliacha mwenyewe darasa la nne, sikufukuzwa. Leo nina karakana mbili, ya Amani na ya Mwanakwerekwe, na sataranji nimeisoma kwa macho tu, kwenye baraza moja la Malindi, nikiwatazama wakubwa wanavyochambana. Kwa hivyo mtu asinitishe kwa digrii.

Huyu aliyenikalia mbele siku ile, mechi ya mwisho ya ligi, alikuwa nayo. Mhadhiri. Shati limenyooka utadhani limepigwa pasi naye yumo ndani. Mie namzidi miaka ishirini, lakini shikamoo hakunipa. Kanitupia "Habari," kisha akazitazama kucha zangu zenye grisi kama aliyeona panya kwenye sahani.

Klabu yetu ilitaka ushindi, basi. Sare ingetushusha daraja. Wenzangu watatu walikuwa washamaliza: mmoja kashinda, mmoja kafungwa, mmoja katoka sare. Nimebaki mie.

Na nasema kweli, nilikuwa nimebanwa. Yule bwana kajifunzia kwenye simu, kila njia anaijua. Ila malkia wake ndiye aliyekuwa akimlinda mfalme peke yake. Popote atakapokwenda, farasi wangu anaingia na mchezo umekwisha. Nalijua mie, analijua yeye.

Mara akanyoosha kidole, akamgusa malkia kichwani, akasubiri. Wallahi, akasubiri! Kwenye simu ukigusa kete inakuonyesha pa kwenda. Ubao wa mti haukuonyeshi kitu.

"Umeshagusa," nikamwambia.

"Nilikuwa nnafikiri tu, mzee."

Sasa ndo nimekuwa mzee.

"Fikiri kwa kichwa, bwana mdogo. Kidole cha nini?"

Yeye mwenyewe akamwita mwamuzi, kwa hasira. Mwamuzi hakuwa na maneno mengi: "Umegusa, hukugusa?"

"Nimegusa, lakini..."

"Basi mcheze huyo huyo."

Akamsogeza kama anayevuta maiti. Farasi wangu akaingia.

"Hukunishinda kwa akili," akasema, jasho linamtoka. "Umenishinda kwa kanuni."

"Barazani kwetu mtoto wa miaka saba akigusa, anacheza. Wewe chuo kizima hawakukwambia?"

Wenzangu wakanibeba juu juu mpaka nje ya ukumbi. Daraja tumebaki. Yeye nilimwacha palepale mezani, keshaupanga upya mchezo wetu kwenye simu yake, anamrudisha malkia alikokuwa.