Mjusi wa Migombani

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, darasa la sita likinuka nyasi mbichi. Msimu ule wa mvua kila shamba la kijiji chetu, Rugu, lilikuwa linatandazwa nyasi chini ya migomba, nasi tulikuja shuleni na harufu yake mikononi. Mwalimu alikuwa ameshika kitabu, kimoja tu kwa darasa zima, akituonyesha picha za salamanda, mnyama wa nchi za baridi anayefanana na mjusi ila ngozi yake ni laini na ya majimaji kama ya chura. Walikuwa wawili, wa ukoo mmoja. Wa kwanza, anayekaa kando ya vijito, alikuwa mnene, miguu imara. Wa pili, anayeishi udongoni, alikuwa amerefuka kama mnyoo, na vijiguu vyake vilikuwa kama nyuzi. "Ndugu hawa kila mmoja ana umbo la mahali anapopita," alisema. "Huku kwetu hamna kitu kama hicho."

Nilikuwa msichana pekee darasani, na mwaka mzima sikuwa nimenyoosha mkono. Maneno yangu yote yaliishia kwenye daftari nililoficha chini ya mkeka. Siku ile mkono ulinyanyuka. Nikasema wapo: mjusi mnene wa kwenye mawe, na yule mwembamba wa kwenye nyasi za migomba ambaye watu humwita nyoka na kumkata kwa jembe. Nikasema ni ndugu, maana huyo mwembamba ana miguu.

"Nyoka wa kwao anavaa viatu," Kamugisha alisema nyuma yangu, na darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Kesho mlete. Usipomleta, utakaa kwenu mpaka baba yako aje anieleze nani amekufundisha ubishi." Na baba alikwisha kusema kwamba msichana akirudishwa nyumbani kwa kiburi, harudi tena shuleni.

Mchana niliwakuta mama na jirani yetu, Ma Paskazia, wakigeuza nyasi kuukuu kabla ya kutandaza mpya. Nikawaamkia, nikawaomba wasiue chochote.

"Tangu lini nyoka akaombewa?" Ma Paskazia aliuliza.

"Mwache," mama akasema. "Akiumwa atanyamaza."

Hawakunisubiri. Jembe lilishuka mara mbili, na mara zote mbili niliokota vipande vilivyopondeka, havionyeshi kitu. Mara ya tatu nililitangulia jembe kwa mkono. Mkia ulikatika ukabaki vidoleni mwangu ukirukaruka, kama unavyofanya wa mjusi wa mawe, lakini mwili niliudaka. Nikaugeuza tumbo juu. Miguu minne, kila mmoja mfupi kuliko ukucha wangu.

Ma Paskazia aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Kama ni mjusi, mbona hatembei kama mjusi?"

"Nyasi zimebanana, Ma. Miguu mirefu ingemkwamisha. Amekuwa mwembamba ili apite."

"Na mimi niliyenenepa, napita wapi?" alisema, akacheka mpaka akaegemea jembe. Lakini jioni ile hakukata mwingine.

Sasa niko sekondari, shule ya bweni, na viumbe tunavisoma ndani ya chupa za spiriti zenye majina marefu. Nikikosea jina nasahihishwa tu, hakuna anayetishia kunirudisha nyumbani. Chupa ya mjusi wa migombani sijaiona, na nimeshamwambia mwalimu wetu kwamba inakosekana. Aibu ningali nayo, naisikia shingoni kila ninaposimama mbele za watu, ila sijaitii tena tangu msimu ule.

Jumatano ile ya darasa la sita, asubuhi baada ya kumdaka mjusi, nilifika kabla ya kengele, nikaweka chungu nilichomfungia juu ya meza. Mwalimu alipochungulia alirudi nyuma hatua moja, akamtuma Kamugisha akalete fimbo. Nikaingiza mkono chunguni, nikamtoa mjusi, nikamgeuza tumbo juu, nikahesabu kwa sauti mbele ya darasa zima: moja, mbili, tatu, nne. Kisha nikasema, "Mwalimu, naomba na wewe uhesabu," nikabaki nimesimama pale, mkono nimeunyoosha, mpaka alipohesabu.